Anisia na Mashine Iliyokosa Mzizi

Watu wa Ibadakuli wakimtaja Anisia Kamili husema, "Yule mama aliyefuta ramani." Wanasema hivyo hata wasiojua ramani yenyewe ilikuwa ya nini. Mimi nikiwa katikati yao huangalia pembeni na kumeza mate. Nimefanya hivyo miaka mingi, na watu wanadhani ni upole. Si upole. Basi nitaeleza Anisia alikuwa nani na ilikuwaje, hata pale panaponiuma, maana nimekula chumvi ya kutosha na sitaki kuzikwa na jambo hili kifuani.

Naitwa Bartholomeo, Msukuma wa Tinde. Simu ya upepo nilijifunza polisi, na mwaka 1984 nikaajiriwa kwenye mradi wa ramani za madini uliokuwa na majengo yake Ibadakuli, karibu na uwanja wa ndege. Kazi yangu ilikuwa kukaa na vidude vya kusikilizia masikioni, kuongea na Dar es Salaam mara mbili kwa siku na kuandika daftarini. Nilijiona hodari. Niliamini Shinyanga nzima hakuna anayeinasa sauti ya mtu katikati ya mikwaruzo kunishinda, na sikuona haya kulisema hilo kilabuni.

Anisia alikuwa mpiga chapa wetu. Alizaliwa Ushirombo, mtoto wa kwanza wa wakulima Wasumbwa, Wakatoliki. Baba yao alikufa kwa homa Anisia akiwa na miaka kumi na saba, na kitinda mimba, Onesmo, akiwa bado mgongoni. Mama yao, Mama Epifania, akabaki na jembe. Masista wa misheni wakamfundisha Anisia kupiga taipu, akaja mjini, akapanga vyumba viwili Kambarage, na Onesmo alipofika umri wa shule akamchukua akamlea yeye. Hakuolewa. Wanaume wa Shinyanga walimwogopa, nami nikiwemo. Alikuwa mrefu, mkavu wa maneno, na ukimpelekea barua yenye makosa alikurudishia akakuambia kaisome kwanza wewe mwenyewe.

Nilikuwa namtania. "Dada Anisia, ninyi Wasumbwa mnakula asali tu, ukali huu mnautoa wapi?"

Alijibu bila kuinua macho, "Nyuki naye anakula asali, Baba Ignas." Ignas ni mwanangu wa kwanza.

Mwaka 1986 wataalamu wa kigeni wakaleta kompyuta. Haikuwa ya kuandikia barua. Ilikuwa ya kuchorea ramani, ya aina waliyoiita Yuniksi, na ilikuja na meza pana ambayo ukipitisha kifaa juu ya mchoro, mstari unaingia ndani ya mashine. Walitafuta mtu mwenye mkono uliotulia wakampata Anisia. Aliipenda mashine ile waziwazi. Alivua viatu mlangoni, akawafukuza wenye mikono ya mafuta ya karanga, na siku moja alimkemea hata meneja wetu, Bwana Ngassa, kwa kuegemea meza. Chumba cha simu ya upepo kilikuwa jengo moja na chake, lakini ilionekana redio ikisema, kompyuta inatapatapa, kwa hiyo nikahamishiwa kibanda cha mwisho wa uwanja, hatua kama mia nne. Tukawekewa simu ya kuzungusha mkono ya kuongelea mimi na yeye.

Kazi yake kubwa kuliko zote ilikuwa michoro ya mgodi wa zamani wa Nyabuhele, upande wa Kharumwa. Wazungu waliuchimba wakauacha kabla ya Uhuru. Michoro ilikuwa ya kitambaa, mikongwe, na Anisia aliifuatisha miezi kumi na moja, njia moja moja ya chini ya ardhi, ngazi kwa ngazi. Alipomaliza, kitambaa kikapelekwa stoo, na mchwa wa Ibadakuli wakakila chote masika yaliyofuata. Hatukujali sana. Ramani ilikuwa ndani ya mashine. Nakala ya kwenye kanda ilipaswa kutolewa, lakini kanda tupu ziliisha, tukaagiza nyingine, nazo zikawa njiani mwaka mzima. Wageni nao mkataba wao ukaisha wakaenda zao, tukabaki sisi.

Onesmo wakati huo alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili. Dada yake alitaka awe fundi seremala. Yeye alitaka dhahabu. Alikwenda kuchimba huko huko Kharumwa, na kila baada ya miezi miwili alirudi Kambarage na nywele zimejaa vumbi jekundu, dada mtu anamgombeza huku anampashia maji ya kuoga.

Jumatatu moja ya mwezi wa pili, mwaka 1988, saa nne asubuhi, polisi wa Geita waliniita hewani. Duara, yaani shimo la wachimbaji, limekatika Nyabuhele. Wachimbaji walikuwa wametoboa kutoka kwenye duara lao wakaingia njia ya zamani ya Wazungu, na nyuma yao matimba ya kushikilia paa yameachia, kifusi kimeziba. Watu wanne wako ndani. Wako hai, wanagonga mawe na wa nje wanasikia. Kuondoa kile kifusi ni kazi ya siku kumi au zaidi. Lakini wazee wa pale wanasema Wazungu walikuwa na tundu la hewa, wakalifunika kwa magogo na udongo walipoondoka, na sasa juu yake ni mashamba ya pamba. Hakuna anayejua ni wapi. Je, mradi una ramani?

Nikasema ipo. Nilisema kwa sauti ya majivuno, Mungu anisamehe. Kisha wakanisomea majina manne, na la tatu lilikuwa Onesmo Kamili.

Sikutumia simu. Nilikwenda kwa miguu hadi chumbani kwake. Alinitazama usoni akaacha kupiga taipu kabla sijafungua mdomo. Nilipomaliza kusema hakulia. Aliuliza, "Wanagonga?" Nikasema wanagonga. Akasimama, akavua viatu, akaingia kwa mashine yake.

Mashine ilikuwa imezimika Jumamosi umeme ulipokatika ghafla. Akaiwasha. Ikanguruma, ikaandika mistari yake ya Kiingereza, halafu ikakwama. Alinisomea kwenye simu ya mkono, nami nikapeleka Dar es Salaam, kwa mhandisi wetu Silvesta Mageni, aliyesoma Ulaya na ndiye peke yake aliyebaki nchini akiijua mashine ile. Maana ya mistari ilikuwa kwamba mashine haiwezi kupachika mzizi.

Silvesta alieleza polepole. Diski ya mashine imegawanywa vipande, na kila kipande kina herufi yake. Kimoja ndicho mzizi. Humo mashine hujishika kwanza kabla ya jambo lolote, na vipande vingine vyote huning'inia juu yake. Mzizi ukiharibika, hata kama ramani ni nzima katika kipande chake, huifikii. Kwa hiyo itaamshwa kwa kanda ya dharura, kisha kipande cha mzizi kikaguliwe, na kwa kawaida huo ukaguzi unatosha. Yeye mwenyewe asingeweza kuja. Ndege haikuwa na mafuta wiki ile, na treni ni siku mbili.

Anisia aliniambia jambo jingine Jumatatu ile, na sitalificha. Alisema, "Baba Ignas, ile njia ninayo mkononi. Naona kama nikisimama pale nitaliona tundu. Twendeni tu."

Lakini gari la mradi lilikuwa na dizeli ya safari moja, kwenda na kurudi, basi. Bwana Ngassa akasema hatuwezi kuimaliza kwa kukumbuka wakati ramani yenyewe iko humo ndani. Akaniuliza mimi naonaje. Nikasema meneja anasema kweli. Anisia akakubali, kwa sababu naye aliiamini mashine kuliko alivyojiamini.

Sasa nifike kwenye herufi. Polisi tulifundishwa kwamba herufi haisemwi uchi. Unaivisha neno: a ya Arusha, be ya Bukoba, ili anayesikia asikosee. Mimi nilikuwa nimeacha hayo. Mchana kutwa Silvesta alikuwa akinitajia herufi za amri kwa Kiingereza, na mimi nampitishia Anisia sauti ile ile niliyoisikia: ef, es, si, kei. Hazikuwa na shida, maana hizo hata sisi huzitamka hivyo hivyo. Zilipita vizuri, nikanogewa na kasi yangu. Ndipo Silvesta akasema kipande cha mzizi ni "ei". Yaani a. Kwa Kiingereza a yetu huitwa "ei", na e yetu huitwa "ii". Jambo hilo mtoto wa darasa la tano analijua. Mimi pia nalijua. Lakini sikuwa nasikiliza herufi, nilikuwa nasikiliza sauti, na kwenye simu ya mkono nikasema, "Kipande cha e."

Anisia akaandika e. Hakuwahi kufundishwa vipande. Silvesta kila alipokuja Ibadakuli alikuwa na tabia ya kufunga mlango akivishughulikia.

Ukaguzi ukaisha. Anisia akanisomea jibu: kipande ni kizima, hakina kosa. Akazima, akawasha. Mashine ikasema vile vile, siwezi kupachika mzizi.

Silvesta akashangaa. Akauliza, "Una hakika amekagua ei? Ova."

Nikazungusha simu. "Dada, anauliza umekagua e?"

"Ndiyo. E. Ninaiona hapa."

Nikarudi hewani. "Ndiyo, e. Ova."

Na yeye kule, kwa sikio lake lililosoma Ulaya, alisikia "ei". Akaridhika. Tuliulizana hivyo mara tatu Jumatatu ile, na mara zote tatu kila mmoja alimthibitishia mwenzake kosa.

Jumanne asubuhi Geita wakasema bado wanagonga. Nilimwambia Anisia, naye akasema, "Onesmo ndiye anayegonga. Hajui kukaa kimya." Alikuwa amelala sakafuni palepale chumbani na alama za mkeka zilikuwa zimemkaa shavuni.

Silvesta alikuwa amefikiri. Kama ukaguzi unasema kipande ni kizima na mashine bado inakikataa, alisema, basi kimeharibika mahali ambapo ukaguzi haufiki. Dawa ni moja. Kipande cha mzizi kifutwe, kijengwe upya kitupu, kisha kijazwe kutoka kwenye kanda ya mzizi iliyo kabatini. Ramani haitaguswa, maana iko kipande kingine. Akataja amri, neno kwa neno, na mwisho akasema "ei".

Nami nikasema e.

Mashine za aina ile hazikuulizi mara mbili. Anisia alibonyeza, ikaandika safu za namba kwa dakika chache, ikamaliza. Akajaza kutoka kwenye kanda. Akazima, akawasha. Siwezi kupachika mzizi. Silvesta akasema rudia. Akarudia, akafuta na kujaza tena, kwa uangalifu, akinisomea kila herufi kabla hajabonyeza. Siwezi kupachika mzizi.

Ilikuwa inakaribia saa saba mchana. Silvesta alikuwa amechoka sauti. Akasema huenda diski imekufa mahali pale. "Basi tuache ei," alisema. "Tujaribu kuitoa ramani kwa kupitia kanda ya dharura. Mwambie apachike kipande cha ramani. Ni ii. Ova."

Nikazungusha simu. "Dada, sasa pachika kipande cha i."

Nilisikia anabonyeza. Akasema, "Inakataa." Akabonyeza tena. "Baba Ignas, inasema hakuna i. Nimeomba orodha. Kuna a, kuna b, kuna e, kuna g. Hakuna i."

Nilikuwa nimeshika simu ya mkono kwa kushoto, na vidude vya kusikilizia viko masikioni, na Silvesta anasubiri hewani. Hapo ndipo nilipoelewa. Kama "ii" yake ni e, basi "ei" yake ni a. Na kile kipande tulichokikagua kikaonekana kizima kilikuwa kizima kweli. Kilikuwa cha ramani. Tumekifuta mara mbili.

Ningeweza kusema pale pale. Badala yake niliwasha kipaza sauti nikasema, "Mhandisi, opereta amekuwa akiandika e ya embe. Ova."

Akauliza, "Nani amemwambia aandike e? Ova."

"Amesikia vibaya. Ova."

Maneno mawili. Yalitoka kabla sijayapima, lakini nilikuwa na muda wa kuyarudisha, na sikuyarudisha.

Silvesta akasema, kwa sauti ndogo, akague a sasa. Akakagua. Mashine ikapata kasoro chache, ikauliza irekebishe, akajibu ndiyo. Ilichukua dakika kumi na mbili. Akazima, akawasha, na mzizi ukapachikwa mara moja, na mashine ikafunguka kama asubuhi yoyote ya kazi. Nilimsikia akivuta pumzi kwenye simu. Akaita ramani ya Nyabuhele. Haikuwepo. Zote hazikuwepo.

"Anasemaje?" akauliza.

"Anasema ramani zimekwenda, dada."

Hakunilaumu. Hakuuliza imekuwaje. Alisema, "Mwambie Bwana Ngassa awashe gari."

Tuliondoka saa nane, yeye, dereva, mimi na redio ndogo. Tope la mbuga lilitushika njiani tukalala garini, na Jumatano asubuhi tukaingia Nyabuhele. Mama mmoja wa Kikurya, Ghati, aliyekuwa akiwapikia wachimbaji, ndiye aliyetupokea. Alikuwa na vumbi shavuni, maana alishinda ameweka sikio chini.

"Shikamoo mama," Anisia alimwambia. "Wanagonga?"

"Marahaba mwanangu. Jana jioni waligonga. Leo bado sijawasikia."

Anisia akauliza msingi wa saruji wa mashine ya kusaga mawe, ule ambao michoro ilianzia, uko wapi. Wakamwonyesha, umefunikwa na majani. Akavua viatu, akapanda juu yake, akafumba macho. Kisha mkono wake wa kulia ukaanza kwenda hewani, taratibu, kama alivyozoea mezani. Wachimbaji wanaume wazima walisimama kumwangalia. Akashuka, akaanza kutembea ndani ya pamba, anahesabu hatua, anasimama, anakata kushoto, anarudi kidogo. Akasimama. "Hapa."

Wakachimba. Walikwenda chini kimo cha mtu na nusu, udongo mgumu ambao haujawahi kuguswa. Nilimwona amekaa ukingoni anakwangua magamba ya tope mguuni. Alhamisi asubuhi akarudi kwenye msingi, akatembea upya, akasimama hatua sita upande wa machweo kutoka shimo la kwanza. "Nilisahau kona," alisema. Wakachimba. Jioni sururu zikagonga magogo.

Kuyatoa yale magogo na kushusha kamba salama kulichukua hadi Ijumaa saa tatu. Aliyetangulia kushuka alikaa kidogo, halafu akapiga kelele tuvute, na akapanda peke yake. Alivua kofia.

Wote wanne walikuwa chini ya tundu lile lile. Walikuwa wamelikuta kutoka ndani, wakaketi pale wameegemeana, wakingoja wa juu. Mganga wa zahanati aliwapima mmoja mmoja juu ya turubai. Alisema watatu hawajatimiza siku nzima tangu wafe, na mmoja amekata roho asubuhi ile ile. Hakusema ni yupi. Anisia hakuuliza. Alikaa karibu na Onesmo akamsafisha vumbi la nywele kwa kanga yake, polepole, hadi wakaja kumchukua.

Nimepiga hesabu hii mara nyingi kuliko nilivyosali. Tungeondoka Jumatatu alipotuambia, tungefika Jumanne, tungekosea shimo la kwanza, tungepata la pili, tungefungua Alhamisi asubuhi. Kwa mdomo wa mganga mwenyewe, wote au karibu wote wangekuwa hai. Na kama ningesema a ya Arusha, ramani ingetoka Jumatatu ile ile kabla ya chai ya jioni.

Mwezi wa tatu ikaundwa kamati, watu watatu kutoka makao makuu. Walikaa Ibadakuli ukumbini. Wakamwita Anisia, aliyekuwa bado amenyoa nywele za msiba.

"Nani aliandika amri?"

"Mimi."

"Kwa nini uliandika e?"

"Niliandika nilichosikia."

Wakanigeukia. "Bwana Bartholomeo, wewe ndiye uliyempitishia. Ulimwambia a au e?"

Anisia alinitazama. Macho yake hayakuwa na hasira. Alikuwa anangoja tu, kama mtu anayengoja mwenzake amalize sentensi.

"Nilimwambia a," nikasema.

Akaangalia chini. Hawakumuuliza tena, naye hakusema tena. Wakaandika uzembe wa opereta, akaachishwa kazi, akafunga vyumba vya Kambarage akarudi Ushirombo kulima na mama yake. Mimi niliendelea na simu ya upepo. Sikuota ndoto mbaya, kama watu wanavyosema huwa. Nililala vizuri tu, na hilo nalo linanitia aibu.

Mwezi wa tano, asubuhi moja nikiwa kibandani, mlinzi akaniambia kuna mgeni wangu getini. Nilikuta mama mzee amekaa juu ya jiwe, miguu imevimba kwa safari ya lori, na ubavuni amebana tetea mweupe aliyefungwa miguu kwa kamba ya katani. Sikumjua. Alisimama kwa shida.

"Wewe ndiye Baba Ignas?"

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Mimi ni Epifania, mama yake Anisia. Na Onesmo." Alilitaja jina la pili kwa sauti ya kawaida kabisa. "Anisia ameniambia. Amesema kulikuwa na mtu mmoja aliyekaa kwenye simu siku mbili hakula, akimtafutia mwanangu njia ya kutokea. Na kwamba mlikwenda naye hadi kule. Nikasema siwezi kunyamaza bila kuja kumwona huyo mtu."

Nilitaka kusema. Niliufungua mdomo. Nilisema, "Mama, sikufanya kitu."

"Ndivyo watu wema wanavyosema," akanijibu. Akanikabidhi yule kuku kwa mikono miwili, akapiga magoti kidogo, na kwa heshima yangu akanishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, wabeja sana." Kisha akaongeza, "Anisia amesema usimkatae."

Sijui Anisia alimtuma kwa wema au kwa kunichoma. Nimekaa na swali hilo hadi leo na sina wa kumuuliza. Kumkataa kuku wa mama mfiwa ningelazimika kueleza kwa nini, na kueleza kwa nini ndiko nilikokuwa nimeshindwa mbele ya kamati. Nikampokea. Nilimsindikiza mama hadi barabarani, nikamsimamishia lori la pamba linalokwenda Kahama, nikamsaidia kupanda.

Jumapili mke wangu akamchinja yule kuku. Ignas alipewa paja. Mimi nilipewa firigisi, kama baba wa nyumba, na nikaila.